Minani wa Italia na Juma Aliyekataliwa

Askari huitwa kwa jina kabla ya kupewa amri. Katika gwaride la asubuhi, katika orodha ya mishahara, katika daftari la zamu na, Mungu apishe mbali, katika taarifa ya msiba, jina ndilo litangulialo. Kwa sababu hiyo, kujua jina limetoka wapi si shughuli ya wazazi na mapadri peke yao. Ni shughuli yetu pia, sisi tushikao kalamu na daftari kwa niaba ya taifa.

Mtu apitaye Musinzira, mtaa wa mji wa Gitega, hatashangaa kuwasikia watu wakiitana Protais, Gervais, Tharcisse, Pancrace au Sylvestre. Wengi hudhani kwamba hayo ni majina ya Kifaransa. Vazi ni la Kifaransa kweli, kwa maana lugha hiyo ilitumiwa sana na Wamisionari wa Afrika, waliofungua misioni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, jirani na Gitega, mwaka 1899. Kisha ukafuata utawala wa Wabelgiji. Lakini tukilivua vazi hilo, tutakuta mwili wa Italia.

Gervais na Protais ni Gervasio na Protasio, mashahidi wa dini wa mji wa Milano. Mabaki yao yalifukuliwa na Askofu Ambrogio mwaka 386, nao wamelazwa pamoja naye hadi leo katika kanisa liitwalo kwa jina lake. Tharcisse ni Tarcisio, kijana wa Roma aliyekubali kuuawa kuliko kuitoa Ekaristi aliyokuwa ameibeba. Papa Damaso alimtungia beti katika karne ya nne. Pancrace ni Pancrazio, kijana mwingine wa Roma. Sylvestre ni Papa Silvestro, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 314 hadi 335. Hata jina la Askofu Mkuu wa Gitega aliyeteuliwa mwaka 2022, Bonaventure Nahimana, lina asili huko: Mtakatifu Bonaventura alizaliwa Bagnoregio, katikati ya Italia, katika karne ya 13.

Jambo la ajabu ni kwamba majina hayo, ambayo kwetu ni ya kila siku, huko yalikozaliwa yamekuwa adimu. Tangu mwaka 2018 jina lililoongoza kwa watoto wa kiume nchini Italia ni Leonardo, na kabla yake aliongoza Francesco. Ni nadra sasa kumsikia mtoto mchanga akiitwa Protasio au Pancrazio. Mzee wa Kiitalia akifika Gitega aweza kudhani kwamba majina ya mababu zake yamehamia milimani kwetu.

Udugu huo hauishii kwa watakatifu. Warundi tuna desturi ya kumpa mtoto jina la hesabu: wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda. Waitalia nao walikuwa na Primo wa kwanza, Secondo wa pili, Quinto wa tano, Settimio wa saba na Ottavio wa nane. Ottavio Bottecchia, aliyezaliwa mwaka 1894 katika nyumba ya watoto tisa, aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa wa nane. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia kikosi cha Bersaglieri wapandao baiskeli, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Baada ya vita akawa Mwitalia wa kwanza kushinda mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa, mwaka 1924, na mwaka uliofuata akashinda tena. Huyo, ndugu zetu, ni Minani wa Italia, naye alikuwa askari kama ninyi. Siku hizi familia za watoto wanane zimepungua sana huko, na majina ya hesabu yamepungua pamoja nazo.

Hata hivyo, si kila jina adimu hupokelewa. Kanuni za Italia za mwaka 2000 kuhusu uandikishaji wa watu zinakataza kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai, jina la ndugu yake aliye hai, au jina la kuchekesha na la aibu. Katika mji wa Genova wazazi walimwita mwana wao Venerdì, yaani Ijumaa. Shauri likafika mahakamani, na mwaka 2007 majaji wakalikataa jina hilo. Walisema kwamba linamkumbusha mtu yule mtumishi katika kitabu cha Robinson Crusoe, na kwamba mtoto angedharauliwa na wenzake. Mtoto akaitwa Gregorio, jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa.

Msomaji wa Muyinga atacheka, kwa maana huko, kama katika nchi zote za Waswahili, Juma ni jina la heshima, na Hamisi ni jina la heshima vilevile. Tena Waitalia wenyewe wana Domenico, jina litokanalo na siku ya Bwana, na Gennaro, litokanalo na mwezi wa Januari, wala hakuna mahakama inayowakataza. Basi aibu haikai ndani ya jina. Aibu hutiwa na masikio ya wasikiao. Lakini majaji hao walikuwa na hoja nzito moja: mtoto hakujichagulia jina, naye ndiye atakayelibeba.

Hoja hiyo inatuhusu sana. Jina la Kirundi ni usemi kamili. Ndayishimiye ni mzazi anayemshukuru Mungu. Hakizimana anakiri kwamba aokoaye ni Mungu. Lakini yupo pia Nzikobanyanka, yaani najua kwamba wananichukia. Mtaalamu Philippe Ntahombaye, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya majina ya Burundi, alieleza jinsi jina lilivyobeba habari za nyumba na za jirani. Ugomvi wa wazee umekwisha, wenyewe wamezikwa, na kijana bado anauitikia kila asubuhi uwanjani. Afande anayelicheka jina hilo mbele ya safu anaufufua ugomvi asioujua.

Nchi hii imeonja uchungu wa kumtazama mtu na kuuliza yeye ni wa upande gani badala ya kuuliza jina lake. Tarehe 30 Septemba 1995, huko Buyengero, waliuawa mapadri wawili Waitalia, Ottorino Maule na Aldo Marchiol, pamoja na mama mwenzao wa kujitolea, Catina Gubert. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, wanafunzi waliamriwa kujitenga, Wahutu huku na Watutsi huku. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Majina yao yanasomwa leo katika orodha moja.

Kwa hiyo tunawausia wenzetu mambo matatu. Kwanza, liandikeni jina kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Tharcisse asiandikwe Tarcisio, wala Juma asigeuzwe. Karani akikosea herufi moja, mjane aweza kuhangaika miaka kwa mafao ya marehemu mumewe, na msafiri aweza kuzuiliwa mpakani Kobero akiwa na karatasi mbili zisizopatana. Pili, msikiapo jina geni, ulizeni kwa adabu, wala msikisie kabila, dini au chama. Tatu, yeyote kati yenu atakayejaliwa mwana na kutamani jina adimu la Kiitalia, Ottavio au Protasio, alitamke kwanza kwa sauti ya gwaride, kisha ampe karani aliandike. Likitamkika na kuandikika bila kosa, na mtoto aweze kulibeba akiwa koplo, akiwa mwalimu au akiwa mzee wa kijiji, basi na aitwe hivyo.