Gitaa la Kale Lavunjwa Katika Mchezo

Katika filamu ya Marekani iitwayo The Hateful Eight, aliyoitengeneza Quentin Tarantino mwaka 2015, mfungwa mmoja wa kike anapiga gitaa huku akiimba. Mara, yule aliyemkamata anamnyang'anya chombo hicho na kukivunjavunja. Ukelele anaoupiga hapo Jennifer Jason Leigh, mwenye sehemu ya mfungwa, haukuwa wa kuigiza.

Gitaa hilo lilitengenezwa na kampuni ya Martin katika miaka ya 1870, nalo liliazimwa kutoka makumbusho ya kampuni hiyo mjini Nazareth, jimbo la Pennsylvania. Thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 40,000 hivi. Magitaa ya mfano, ya kuvunjwa, yalikwisha kutayarishwa. Ilikusudiwa mchezo usimamishwe kwanza ili lile la kale liondolewe. Lakini Kurt Russell, ambaye ndiye hasa aliyestahili kuambiwa, hakuambiwa! Naye akatimiza wajibu wake kwa nguvu zote.

Wenye makumbusho walielezwa awali kwamba ilikuwa ajali tu. Baadaye wakagundua kuwa kuvunjwa kwa gitaa kulikuwamo katika mchezo tangu mwanzo. Fidia ya bima ililipwa, bali gitaa halikutengenezeka. Makumbusho yakatangaza kwamba hayataazima tena magitaa kwa watengenezaji wa filamu.