Chombo Kimoja, Mahali Pawili: Nishati na Joto katika Mashine ya Michezo ya Nintendo Switch

Tarehe 3 Machi, 2017, kampuni ya Nintendo ya mji wa Kyoto, Japani, ilianza kuuza mashine ya michezo yenye tabia isiyokuwa ya kawaida. Tangu zamani mashine za namna hiyo zilikuwa zimegawanyika katika makundi mawili: zile kubwa zikaazo nyumbani na kuunganishwa na televisheni, na zile ndogo zichukuliwazo mkononi. Mashine hii mpya, iitwayo Nintendo Switch, ilikusudiwa kuwa yote mawili. Mchezaji aliye nyumbani huitumbukiza katika kiweko kilicho karibu na televisheni, na picha hutokea katika televisheni hiyo. Akitaka kusafiri huichomoa tu, na papo hapo mchezo ule ule huendelea katika kioo cha mashine yenyewe. Mwandishi wa makala haya alikuwa masomoni ng'ambo wakati huo, na alizoea kuwaona abiria wa magari moshi, wazee kwa vijana, wakiwa wameinamia vioo hivyo.

Huenda msomaji akauliza jarida la sayansi lina haja gani na vitu vya kuchezea. Haja ipo. Kwa kuwa mashine hii hufanya kazi ile ile katika mahali pawili penye hali mbalimbali, inafichua kanuni ya umeme na joto ambayo katika simu na kompyuta zetu imefichika. Tena vijana wetu husoma kila siku matangazo ya biashara yaliyojaa tarakimu, na mtu asiyejua maana ya tarakimu hizo huishia kununua tarakimu badala ya chombo.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe. Kioo chake kina upana wa inchi 6.2 kutoka pembe hadi pembe. Kila upande hubandikwa kishikio kiitwacho Joy-Con, chenye vibonyezo, vipima mwendo na kijiti cha kuongozea kwa kidole gumba. Vishikio hivyo huweza kuchomolewa na kugawiwa watu wawili. Kijiti kile kidogo ndicho kilicholeta malalamiko mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ndani yake mna kikwangio kinachoteleza juu ya utando wa kaboni, na mahali kilipo hutambuliwa kwa volteji inayopatikana, kama vile mwanafunzi anavyofanya maabarani kwa waya wa ukinzani na kipima volti. Utando ukichakaa au ukiingia vumbi volteji hubadilika, na mchezaji humwona mtu wake katika picha akitembea peke yake bila kuguswa. Lakini hilo si shabaha yetu leo; tuje kwenye kiini cha mashine.

Watu wengi hudhani kwamba kile kiweko cha nyumbani kina ubongo wa pili, kwa sababu picha katika televisheni huwa safi zaidi kuliko katika kioo cha mkononi. Sivyo hata kidogo. Kiweko cha mashine ya 2017 hakina sehemu yoyote ya kukokotoa mchezo. Kazi yake ni kupitisha umeme kutoka ukutani na kuigeuza ishara ya picha iwe ya namna inayofahamika kwa televisheni. Ubongo ni ule ule mmoja, chipu ya Tegra X1 iliyobuniwa na kampuni ya Nvidia ya Marekani. Kinachobadilika ni mwendo wake.

Ndani ya kila chipu ya kompyuta mna saa inayopiga mapigo, na kwa kila pigo hatua moja ya hesabu hutendeka. Vipimo vya wachunguzi wa mashine hizi vilionyesha kwamba, ikiwa katika kiweko, ile sehemu ya chipu inayochora picha huenda kwa mapigo milioni 768 kila sekunde. Ikichomolewa, mapigo hayo hushuka kwa kawaida hadi milioni 307.2. Mwalimu agawanye: 768 kwa 307.2 ni 2.5 barabara. Mashine iliyo mkononi, basi, huchora kwa mwendo wa sehemu mbili tu kati ya tano za ule wa nyumbani.

Je, mnunuzi amepunjwa? Tuhesabu tena. Picha yoyote katika kioo hufanywa kwa nukta ndogo ndogo za rangi. Kioo cha Switch kina nukta 1280 kwa 720, yaani jumla ya 921,600. Picha ambayo mashine hiyo huweza kuipeleka katika televisheni hufikia nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, ambazo ni mara 2.25 ya zile za kioo. Kwa hiyo mwendo huongezwa mara 2.5 ili kazi iliyoongezeka mara 2.25 ifanyike kwa muda ule ule. Tarakimu hizi mbili hazikukaribiana kwa bahati. Katika kioo kidogo kilicho karibu na macho, nukta zaidi zingekuwa na faida ndogo, lakini zingelipiwa kwa nishati.

Malipo hayo ndiyo yanayostahili kufikiriwa zaidi na mwanafunzi wa fizikia. Chipu ina mabilioni ya swichi ndogo sana ziitwazo transista. Kila transista, ili ifunguke au ifunge, hupaswa kujazwa chaji kidogo ya umeme na kisha kumwagwa, kama ndoo inayojazwa maji na kumwagwa bila kukoma. Nishati inayotumika kila sekunde hutegemea mambo matatu: ukubwa wa ndoo, idadi ya mijazo kwa sekunde, na volteji inayotumika. Lakini volteji haiingii mara moja kama wenzake, bali hujizidisha yenyewe, yaani huingia kwa kipeo cha pili. Na hapa ndipo penye mtego: saa ikitakiwa kwenda mbio sana, volteji nayo mara nyingi hulazimika kupandishwa ili transista ziwahi kufunguka. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwendo ukiongezwa mara mbili, na volteji ikipandishwa kwa asilimia 20, matumizi hayatakuwa mara mbili. Yatakuwa 2 mara 1.2 mara 1.2, yaani 2.88. Anayetaka mwendo maradufu hulipa karibu mara tatu.

Nyumbani malipo hayo si kitu. Waya wa ukutani uliouzwa pamoja na mashine huweza kutoa volti 15 na ampea 2.6, yaani wati 39, ambazo zinatosha kuendesha mchezo na kujaza betri kwa wakati mmoja. Safarini mambo ni mengine. Betri yake ina ujazo wa miliampea-saa 4,310 kwa volti 3.7. Zidisha 4.31 kwa 3.7 na utapata karibu wati-saa 16, ambazo ni juli 57,600. Kiasi hicho si kikubwa kama kinavyoonekana: nishati yote ya betri hiyo ingepandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 14 hivi za sentigredi, na isingetosha kuchemsha hata kikombe kimoja cha chai. Betri ni ya aina ya lithi-ioni, iliyoingia madukani kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Betri nyingi za aina hii huhitaji kobalti, ambayo zaidi ya nusu yake duniani huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa huko Kolwezi na majirani zake. Hivyo kuna wasomaji wa Kiswahili wanaoijua betri hii tangu ikiwa udongo.

Watengenezaji walisema kwamba betri hiyo ingedumu kati ya saa 2.5 na saa 6.5, kwa kutegemea uzito wa mchezo. Gawanya wati-saa 16 kwa saa hizo, nawe utaona kwamba mashine nzima, pamoja na kioo chake, hutumia baina ya wati 2.5 na wati 6.4. Hiyo ndiyo bajeti yake. Mhandisi aliyeiunda hakuanza kwa kuuliza chipu inaweza kufanya nini. Aliuliza wati sita zinaweza kununua nini.

Tena nishati hiyo haipotei. Karibu yote hugeuka kuwa joto, na joto hilo lina mikono ya mtu pembeni mwake. Ngozi ikigusana kwa saa nyingi na kitu chenye nyuzi 44 za sentigredi huanza kuumia, na mtu huona taabu kabla ya hapo. Kwa ajili hiyo ndani ya Switch mna bomba la shaba linalochukua joto kutoka kwenye chipu, na feni ndogo inayolisukuma nje kupitia matundu ya juu. Feni hiyo haiwezi kuipoza mashine chini ya joto la chumba. Huweza tu kuisogeza karibu nalo. Maelekezo ya kampuni huitaka mashine itumiwe katika hewa ya nyuzi 5 hadi 35. Mtu anayekaa pwani ya Afrika Mashariki wakati wa kaskazi anajua jinsi ukingo ule wa juu ulivyo karibu na mchana wake.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulikuja mwaka 2019. Kampuni ilitoa toleo jipya la mashine hiyo hiyo: kioo kile kile, betri ile ile ya miliampea-saa 4,310, michezo ile ile. Lakini muda wa betri ulipanda ukawa kati ya saa 4.5 na saa 9. Kilichobadilika zaidi kilikuwa chipu, ambayo sasa ilitengenezwa kwa utaratibu wa kiwandani uitwao wa nanomita 16 badala ya 20. Transista zake zilihitaji chaji ndogo na volteji ndogo, na kipeo cha pili tulichokitaja kikafanya kazi yake kwa faida ya mchezaji. Matumizi ya juu yalishuka kutoka wati 6.4 hadi kama 3.6. Tangazo la biashara halikuwa na tarakimu kubwa ya kujivunia, maana mwendo haukuongezeka. Kwa maoni yangu hayo yalikuwa maendeleo makubwa kuliko mengi yanayopigiwa tarumbeta.

Kampuni hii ilikuwa imeifahamu bajeti ya nishati tangu zamani. Mwaka 1989 ilitoa mashine ya mkononi iitwayo Game Boy, iliyosimamiwa na mhandisi Gunpei Yokoi. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Atari katika mwaka ule ule, na Sega mwaka 1990, walitoa mashine zenye rangi na taa ambazo zilimeza betri sita kwa saa chache. Game Boy, kwa betri nne, ilicheza zaidi ya saa kumi. Pamoja na ndugu yake mwenye rangi iliuzwa zaidi ya milioni 118. Yokoi alipenda kutumia ufundi uliokwisha kuzoeleka na kushuka bei, na hata Tegra X1 ilikuwa imekwisha kutoka miaka miwili kabla ya Switch.

Tarehe 5 Juni, 2025, ilifuata Switch 2. Kioo chake kina inchi 7.9 na nukta 1920 kwa 1080. Katika televisheni huweza kutoa nukta 3840 kwa 2160, yaani mara nne kamili ya zile za kioo. Mara nne haipatikani kwa kuharakisha saa peke yake bila kuunguza chipu. Kwa hiyo Nvidia waliipa mashine hila ya hisabati: huchora nukta chache, kisha mfumo uliofunzwa kwa mifano mingi hukisia zilizobaki. Na safari hii kiweko nacho kimepewa feni. Betri imekuzwa hadi miliampea-saa 5,220, lakini muda uliotangazwa ni saa 2 hadi 6.5. Ukuaji wote wa betri umeliwa na kioo na chipu.

Mwalimu asiye na mashine hii darasani anaweza kufanya hesabu ile ile kwa simu yoyote. Asome miliampea-saa zilizoandikwa juu ya betri, azigawanye kwa 1,000, kisha azidishe kwa volti zilizoandikwa hapo hapo. Jawabu ni wati-saa. Wanafunzi waijaze simu, waitumie kutazama picha za video mfululizo hadi izime, na waandike saa zilizopita. Kisha warudie siku nyingine mwangaza wa kioo ukiwa umepunguzwa, na watafute ni wati ngapi zilikuwa za mwanga tu.