Dawa ya Kucha Haipakwi Kwenye Kucha

Kilichonikamata ni kidole gumba. Mama mmoja wa delta ya Rufiji, aliyekuja kwa mashua hadi Nyamisati kisha kwa gari mpaka Kibiti, alikilaza juu ya meza ya tabibu wa ngozi. Vishimo vidogo vidogo vilitapakaa kwenye kucha kama subana ya mshonaji. Kando kulikuwa na doa la rangi ya samli, na ncha ilikwisha kuachana na nyama. Gumba hilo ndilo analochania ukindu wa mikeka.

Miezi mingi alikuwa akimeza dawa za fangasi. Tabibu hamlaumu aliyemwandikia, kwani fangasi na soriasisi ya kucha, ambayo ndiyo iliyomshika mama, hufanana, na pengine hukaa pamoja. Yeye hukwangua kwanza unga ulio chini ya kucha, akautazama kwa hadubini. Kisha huulizia viungo, maana soriasisi ikishika kucha, hatari ya viungo kuvimba huongezeka.

Halafu akanifafanulia jambo ambalo bado linanisumbua. Kucha ya mkono hurefuka takribani milimita 3 kwa mwezi. Kishimo kilicho karibu na ncha kilichimbwa miezi kadhaa nyuma, kwenye shina lililojificha chini ya ngozi. Kukitibu haiwezekani, husubiriwa kisogee mpaka kikatwe. Ndiyo maana marhamu kali, kama klobetasoli, hupakwa kwenye ngozi inayofunika shina. Palipoinuka hukatwa, dawa ipite chini. Ikishindikana, triamsinoloni huchomwa pale pale kwenye shina, na sindano hiyo inauma kwelikweli. Kucha nyingi zikiharibika au viungo vikiuma, ipo methotreksati: mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, damu na ini vikipimwa, na mjamzito haigusi. Dawa mpya za kibayolojia zina nguvu zaidi, ila bei yake wakulima wa mpunga wa delta hawaiwezi.

Matokeo huonekana baada ya miezi 6 hivi. Kucha za miguu, mwaka au zaidi. Marhamu ikiisha katikati ya masika, nani atavuka maji kuifuata?

Tabibu anataka kucha zikatwe fupi na zisichokonolewe, kwa sababu hata jeraha dogo huuchochea ugonjwa. Amemshauri mama achanie ukindu kwa kisu. Mama anasema kisu hakigawi sawasawa, na mkeka usio sawa haununuliwi. Hapo hawajaafikiana.