Waya wa Nyumba Haufai Mtumbwini

Ndagala wanaouzwa sokoni Gitega na Muyinga huvuliwa usiku, kwa taa, katika Ziwa Tanganyika. Samaki hao wadogo hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi hupumzika mwezi mpevu unapoangaza. Kwa miaka mingi walitumia karabai zilizoning'inizwa juu ya mitumbwi miwili iliyounganishwa. Siku hizi karabai zinazipisha taa za LED na betri ya volti 12, na fundi anayefunga sola majumbani huku milimani anaweza kuitwa ziwani. Akienda na mazoea ya nyumbani, ataharibu kazi.

Kubwa kuliko yote ni unene wa waya. Chukua taa zenye jumla ya wati 60. Kwenye umeme wa volti 220 zingevuta kama robo ya ampea tu. Kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea 5. Sasa zifunge mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumba. Umeme unasafiri mita 20, kwenda na kurudi, na njiani inapotea zaidi kidogo ya volti 1. Hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya betri! Waya wa milimita za mraba 4 hupunguza hasara hiyo isifike hata nusu volti. Wapo wavuvi wanaoona taa hafifu wakakimbilia kununua betri nyingine, kumbe kilichohitajika ni waya mnene.

Waya huo uwe wa nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa uzi mmoja mgumu, unaofukiwa ukutani, hukatika kwa mtikisiko wa injini na mawimbi. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu wake unatosha kuila shaba, kwa hiyo maungio ya kusokota na kuzungushia utepe hayadumu. Yabanwe kwa vibanio, yafunikwe kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na yakae juu, mbali na maji yanayotuama chini ya mtumbwi.

Halafu fyuzi. Kazi yake ni kuulinda waya. Betri ya gari ikigusanishwa nyaya zake inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya huwa mwekundu kabla mtu hajapata nafasi ya kuukata. Kwa mfano wetu, fyuzi ya ampea 10 inatosha, ikae ndani ya shubiri moja kutoka kwenye nguzo chanya ya betri. Ikiwekwa karibu na taa, waya wote wa nyuma yake umeachwa bila ulinzi, na petroli ya injini iko hapo hapo.

Betri ya asidi ya ampea-saa 75 isitumiwe zaidi ya nusu. Ikiwa nzima, itawasha taa hizo saa saba hivi. Taa za samaki huelekezwa majini, kwa hiyo mtumbwi uwe na nyingine nyeupe, ndogo, inayoonekana pande zote, yenye swichi na fyuzi yake.

Mwenye mtumbwi, kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe fyuzi ilipo.