Kwa Nini Rangi Hukataa Kushika Plastiki?

Kazi ya majuma matatu yaweza kuharibika kwa nukta chache. Mwanafunzi amevikata vipande vya modeli ya ndege kutoka katika fremu yake, ameviunganisha kwa gundi, kisha ameipaka ndege yake rangi ya akriliki ya kijivu. Siku ya pili anabandika utepe wa karatasi ili apate kuchora mstari mweupe ubavuni. Anapoubandua utepe, rangi ya kijivu nayo inatoka, tena kwa mapande mapana, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake plastiki imebaki tupu, kama ilivyotoka kiwandani.

Mara nyingi lawama huiangukia rangi. Lakini rangi iyo hiyo, ikipakwa kwenye ubao au karatasi, hushika barabara hata ukucha usiweze kuitoa. Basi chanzo cha hasara hii hakimo ndani ya kopo peke yake. Kimo mahali pembamba mno ambapo rangi na plastiki hukutana.

PLASTIKI YENYEWE

Modeli nyingi za kuunganisha hutengenezwa kwa polistirini. Mwaka 1839 mtaalamu wa dawa wa Berlin, Eduard Simon, alikeneka utomvu wa mti akapata kiowevu kilichogeuka kizito baada ya kuwekwa kwa muda. Hakujua kilichotokea. Ilikuwa mwaka 1920 ambapo mkemia Hermann Staudinger alieleza kwamba vitu vya jinsi hii ni minyororo mirefu sana, iliyofanywa kwa molekuli ndogo zilizoungana. Kwa kazi yake juu ya molekuli kubwa alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1953.

Mnyororo wa polistirini una atomu za kaboni na hidrojeni tu. Hauna oksijeni wala sehemu nyingine yenye chaji za umeme zilizotengana vya kutosha kuvuta molekuli jirani kwa nguvu. Mbao na karatasi ni tofauti: selulosi iliyomo ndani yake ina vikundi vingi vya oksijeni na hidrojeni ambavyo huvutana na maji na rangi. Isitoshe, ubao una vinyweleo ambamo rangi huingia na kujishikiza kama mzizi katika udongo. Uso wa polistirini hauna vinyweleo hivyo. Ni laini kama kioo.

Tena, uso huo mara nyingi si safi. Kiwandani, polistirini iliyoyeyushwa husukumwa kwa kani kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Ili vipande vitoke bila kukwama, kalibu huweza kupakwa dawa ya kuteleza, kama vile nta au silikoni, na masalio yake hubaki juu ya plastiki. Mafuta ya vidole vya mwundaji huongezwa juu yake. Hivyo rangi huweza kupakwa juu ya mafuta, isiguse plastiki kabisa.

TONE LA MAJI NA FUNZO LAKE

Tone la maji likiwekwa juu ya kioo kilichosafishwa vyema hutandaa. Likiwekwa juu ya polistirini husimama kama nusu ya mpira. Mwaka 1805 Mwingereza Thomas Young alieleza kwamba pembe iliyopo kati ya ukingo wa tone na uso ulio chini yake huonyesha jinsi kani za pande mbili zinavyoshindana: kani inayozivuta molekuli za kiowevu zenyewe kwa zenyewe, na ile inayozivuta kuelekea uso. Kwenye kioo safi pembe hiyo hukaribia sifuri. Kwenye polistirini hukaribia digrii 90.

Mvutano wa uso wa maji ni kiasi cha milinyutoni 72 kwa mita. Nishati ya uso wa polistirini, ikipimwa kwa kipimo hicho hicho, ni kama nusu yake. Kwa hiyo molekuli za maji hupendelea kushikana zenyewe kuliko kuishika plastiki.

Watengenezaji wa rangi za maji wanalijua jambo hili, nao hutia ndani ya rangi vitu vifananavyo na sabuni ili kupunguza mvutano huo. Ndiyo sababu rangi ya akriliki hutandaa juu ya modeli bila kujikusanya matone. Lakini kutandaa ni jambo moja, na kushika ni jambo jingine. Hapa ndipo wengi hudanganyika.

JINSI AKRILIKI INAVYOKAUKA

Rangi ya akriliki ya maji ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yanapoondoka, chembe hizo husongana, hubonyezana, kisha huungana kuwa utando mmoja. Kama hewa ni baridi mno, haziungani vizuri na utando huwa dhaifu.

Utando waweza kuwa mkavu kwa kuguswa baada ya dakika chache, lakini ndani yake chembe bado zinaendelea kuungana kwa siku kadhaa. Wakati huo huo utando hunywea. Ukiwa mnene, mvuto wa kunywea huwa mkubwa, na mahali pa kwanza pa kuachia ni pale panaposhika kidogo zaidi, yaani juu ya plastiki. Tabaka moja nene halina nguvu ya matabaka matatu membamba.

DAWA YAKE

Mambo manne hufanywa kwa utaratibu.

Kwanza, vipande huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini, kisha husuuzwa na kuachwa vikauke. Tangu hapo hushikwa kwa kingo tu.

Pili, uso husuguliwa polepole kwa msasa laini uliolowekwa maji. Mikwaruzo midogo huongeza eneo la kushikia na huondoa uchafu uliosalia. Maji huzuia vumbi lisiingie mapafuni.

Tatu, hupakwa rangi ya kwanza, ambayo mafundi huiita praima. Praima zenye viyeyushi vya kemikali huulainisha uso wa polistirini kidogo. Minyororo ya plastiki na ya praima huchanganyika, na kiyeyushi kinapopaa huachwa zimefumana. Akriliki ikija juu yake hukuta uso inaoweza kuushika. Lakini kiyeyushi kikali ni hatari: asetoni na petroli huweza kuiyeyusha modeli yenyewe au kuipasua nyufa. Kazi hii hufanywa penye hewa ya kutosha, mbali na moto.

Nne, rangi hupakwa kwa matabaka membamba, na utepe haubandikwi mpaka siku kadhaa zimepita.

PLASTIKI ILIYO KAIDI ZAIDI

Askari wadogo wa plastiki laini, inayopindika, hutengenezwa mara nyingi kwa polithini. Nishati ya uso wake ni ndogo kuliko ya polistirini, na viyeyushi vya kawaida haviilainishi. Ndiyo maana rangi yao hubanguka mikono na bunduki zinapopindwa. Viwanda vinavyopiga chapa juu ya mifuko na chupa za polithini hupitisha kwanza uso wake katika mwali wa moto au cheche za umeme kwa muda mfupi sana. Oksijeni ya hewa huungana na uso, na wino hupata cha kushika.

JARIBIO LA DARASANI

Tafuta kifuniko au chombo kigumu cha plastiki chenye alama ya pembetatu na namba 6, ambayo ni polistirini. Kata vipande vinne. Cha kwanza kiachwe kama kilivyo na kipakwe mafuta kidogo ya vidole. Cha pili kioshwe. Cha tatu kioshwe na kusuguliwa. Cha nne kioshwe, kisuguliwe na kupakwa praima. Vyote vipakwe rangi ya akriliki mara mbili, kisha viachwe kwa juma moja.

Mwalimu akate kwa wembe mistari sita ya kwenda na sita ya kukatiza, nafasi ya milimita 2 kati ya mstari na mstari. Vitapatikana viraba 25. Bandika utepe wa kunata, ukandamize, kisha ubandue kwa mkupuo mmoja. Hesabu viraba vilivyobaki na ukizidishe kila kimoja kwa 4 ili upate asilimia. Viwanda navyo hupima rangi kwa njia ya mistari iliyokatizana kama hii.

MASWALI

1. Kwa nini kipande kilichooshwa tu huweza kutofautiana na kisichooshwa, ingawa plastiki ni ile ile?
2. Rudia jaribio kwa chombo chenye namba 2, ambayo ni polithini. Je, msasa peke yake unatosha? Eleza.
3. Mwanafunzi aliyetajwa mwanzoni alikosea wapi? Taja hatua ambazo hazikuonekana katika kazi yake, na useme ipi ingefaa kujaribiwa kwanza.