Samadi, Kisima na Udongo wa Mfinyanzi

Wako wakulima wachimbao shimo la samadi karibu na kisima, wakisema, "Udongo wa hapa ni wa mfinyanzi, haupitishi kitu." Neno hili ni kweli nusu tu. Mfinyanzi huzuia maji yasipite upesi, lakini chumvi iliyoyeyuka majini husafiri yenyewe, hata maji yakiwa yametulia.

Wataalamu huonyesha jambo hili hivi. Hushindilia mfinyanzi mbichi katika silinda. Upande mmoja hutia maji ya chumvi, upande wa pili maji safi, yakiwa sawa kimo ili yasisukumane. Baada ya siku nyingi hupima, nayo chumvi huonekana imefika upande wa pili. Kanuni yake ilitolewa mwaka 1855 na Adolf Fick, Mjerumani: kitu kilichoyeyuka hutoka mahali kilipo kingi, huenda mahali kilipo haba.

Kwa hesabu ya kanuni hiyo twaweza kujua mambo ya miaka mingi bila kuingoja. Unene wa udongo ukiwa mara 2, muda huwa mara 4. Mathalani, ikiwa chumvi hupita inchi 6 kwa mwaka 1, itapita inchi 12 kwa miaka 4, na inchi 24 kwa miaka 16.

Tena, vitu vyote haviendi sawa. Risasi na zinki hunaswa na chembe za mfinyanzi, zikachelewa sana. Lakini naitreti, chumvi itokayo katika samadi iliyooza, hainaswi. Mwaka 1945 Daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu kwa kunyweshwa maji ya visima yenye naitreti. Damu yao ilishindwa kuchukua hewa.

Basi yakupasa ufanye hivi:

1. Chimba shimo la samadi futi 100 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko.
2. Tandaza mfinyanzi mnene chini na kandokando, ukiushindilia tabaka juu ya tabaka.
3. Usiuache ukauke. Mfinyanzi mkavu hupasuka, na penye ufa maji hupita mbio. Hapo hesabu ya miaka haifai kitu.
4. Ezeka paa juu ya shimo, mvua isiisukume samadi chini.

Usingoje kuonywa na ulimi wako, kwa maana naitreti majini haina rangi wala harufu, na kuyachemsha maji hakuiondoi.