Almasi Isiyochimbwa

Je, wajua kwamba almasi huungua? Ipashe moto mkali mahali penye oksijeni ya kutosha, nayo itageuka kuwa hewa na kutoweka. Mwaka 1797 mkemia Mwingereza Smithson Tennant aliichoma kwa makusudi, akapima hewa ya ukaa iliyotoka. Kiasi alichokipata ni kile kile kinachotoka kwenye mkaa wenye uzito sawa na almasi hiyo. Basi siri ikawa imefichuka: kito kigumu kuliko vyote ni kaboni, na kaboni imejaa kila mahali, hata kwenye masizi ya sufuria.

Tofauti iko kwenye mpangilio tu. Katika grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, atomi za kaboni zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza kirahisi. Ndiyo maana penseli huandika. Katika almasi kila atomi imeshikwa na wenzake wanne, pande zote, bila upenyo wa kuteleza. Kuufikia mpangilio huo, ardhi hutumia joto na mgandamizo wa kina cha kilomita 150 na zaidi. Almasi nyingi zina umri unaozidi miaka bilioni moja, nazo zilipandishwa juu na milipuko ya volkano. Mwadui, mkoani Shinyanga, ni koo la volkano ya namna hiyo. Mjiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliligundua mwaka 1940, na mwaka 1947 pakatoka jiwe la rangi ya waridi lenye karati zaidi ya 54, ambalo alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe lile zima lilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi.

Wanasayansi walihangaika zaidi ya karne moja na nusu kuiga kazi hiyo ya ardhi. Kampuni ya ASEA ya Sweden ilifaulu Februari 1953, lakini ikanyamaza. Sifa zikaenda Marekani, kwenye maabara ya General Electric mjini Schenectady, ambako Tracy Hall alivunja sampuli yake tarehe 16 Desemba 1954 akaona punje zenye nyuso za pembetatu zikimetameta. Alisimulia baadaye kwamba mikono ilimtetemeka na magoti yakamwishia nguvu. Mwenzake, Robert Wentorf, aliwahi hata kutengeneza almasi kutokana na siagi ya karanga, maana karanga nazo zina kaboni.

Punje zile zilikuwa ndogo mno, zikaingia viwandani kukatia na kusagia. Mpaka leo matumizi hayo ndiyo makubwa zaidi, ingawa hayazungumzwi sana. Almasi ya maabara yenye ukubwa na usafi wa kuvaliwa ilitangazwa na General Electric hiyo hiyo mwaka 1970, na ilichukua miongo mingine kabla ya kuwafikia wachumba madukani.

Leo njia ni mbili. Ya kwanza ni ile ya Hall iliyoboreshwa. Ndani ya mtambo wa kugandamiza huwekwa grafiti, metali kama chuma, nikeli au kobalti, na kipande kidogo cha almasi kinachoitwa mbegu. Mgandamizo hupandishwa hadi kufikia takriban mara 50,000 ya ule wa hewa tunayovuta, na joto huzidi nyuzi 1,300 za Selsiasi. Metali huyeyuka, nayo huyeyusha grafiti. Kaboni husafiri ndani ya uji huo kutoka upande wenye joto zaidi hadi upande uliopoa kidogo, iliko mbegu, na pale hujijenga kama chumvi inavyojijenga kwenye majaruba. Mkoa wa Henan nchini China una mitambo mingi ya aina hii.

Njia ya pili ndiyo inayonistaajabisha, maana haihitaji mgandamizo hata kidogo. Vipande vyembamba vya almasi hupangwa ndani ya chumba kilichonyonywa hewa, kisha huingizwa haidrojeni nyingi na methani kidogo, gesi ile ile inayotoka kwenye samadi. Mawimbi ya mikrowevu huzipasha moto gesi hizo mpaka zinawaka kama wingu la zambarau, atomi zikaachana. Kaboni hudondokea juu ya mbegu, atomi baada ya atomi, kwenye joto linalokaribia nyuzi 800 au zaidi. Haidrojeni nayo ina kazi yake muhimu: kila kaboni inapojaribu kujipanga kwa mtindo wa grafiti, haidrojeni huing'oa, ikabaki ile iliyojipanga kwa mtindo wa almasi. Baada ya wiki chache jiwe liko tayari kukatwa. Mji wa Surat, India, uliobobea kwa miaka mingi katika kukata almasi za dunia nzima, sasa unakuza pia za kwake.

Je, ni almasi kweli? Ndiyo, kwa kila kipimo cha kemia na fizikia. Si kioo, wala si zirkonia, jiwe la kuigiza almasi. Kile kifaa kidogo cha sonara kinachopima jinsi jiwe linavyopitisha joto kitasema ni almasi, na hakitakosea. Lakini hakitakuambia ilikotoka. Hilo hugunduliwa kwa mashine za maabara ya vito, zinazoangalia alama za ukuaji chini ya mwanga wa urujuanimno na kutafuta makundi ya atomi za naitrojeni, yaliyojijenga kwa muda mrefu ndani ya almasi nyingi za ardhini. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliondoa neno linalomaanisha "ya asili" kwenye maelezo yake ya almasi. Naona ilifanya sawa.

Madai mengine ya wauzaji nayapokea kwa tahadhari. Wanasema ni almasi rafiki wa mazingira. Hilo hutegemea umeme uliotumika, na China na India bado huzalisha sehemu kubwa ya umeme wao kwa makaa ya mawe. Wengine huifanya ionekane akiba ya baadaye. Si kweli. Kampuni ya almasi ya De Beers ilipoanzisha chapa yake ya Lightbox mwaka 2018, karati moja iliuzwa dola 800, chini kabisa ya bei ya almasi ya mgodini. Bei za soko zikazidi kuporomoka, na mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuifunga chapa hiyo. Kitu kinachoweza kukuzwa kwa wiki chache hakitapanda thamani kwa kukaa kabatini.

Ukiipenda, inunue uivae kwa raha. Ni kito halali na kizuri. Ila dai cheti, linganisha namba yake na ile iliyochorwa kwa leza kwenye ukingo wa jiwe, na hakikisha risiti inataja wazi kwamba almasi hiyo imekuzwa maabara. Muuzaji akikataa kuliandika hilo, mrudishie pete yake na utafute duka jingine.